Kiunzi

Saa mbili usiku, Łódź, Januari ya theluji iliyogeuka tope,
nimebaki na hadubini na chai iliyopoa.
Chini ya lenzi, tawi la seli moja ya ubongo wa panya,
na juu ya tawi vijinundu, kama macho ya kiazi
kilichosahauliwa kabatini.
Kila kijinundu ni mlango wa kupokea habari.
Nyuma ya mlango protini zimejipanga,
moja imemshika mwenzake kiunoni,
kama mafundi wapokezanao matofali.
Ile ya katikati haibebi ujumbe, haing'ai, haisemi.
Kazi yake ni kushikilia.

Ikipungua nusu, mlango haufungi vizuri,
wala haufunguki.
Profesa Wieczorek huiita kasoro.
Huliandika neno hilo ubaoni kwa wino mwekundu,
kisha huenda kula.

Mimi ninaye nyumbani.
Ksawery, mdogo wangu, miaka thelathini na mmoja:
nakala moja ya jeni hiyo imekatika,
mkiani mwa kromosomu ya ishirini na mbili.
Daktari alipotuambia, mama aliuliza,
"Ni upande wangu au wa baba yake?"
Si wa yeyote. Ilikatika yenyewe.
Mama hakulipenda jibu. Lawama ina mwenyewe;
bahati haina hata mlango wa kubishia hodi.

Bibi Genowefa hakuuliza kitu.
Miaka thelathini na minne kiwandani,
mitambo mia tatu ya kufuma ikigonga chumba kimoja
hata masikio yake yakafungwa kama duka siku ya msiba.
Wafumaji walisemezana kwa midomo na vidole.
Basi mjukuu asiyesema na bibi asiyesikia
walikaa jikoni wakimenya viazi:
gonga meza mara mbili, chumvi;
geuza kiganja, niache.
Mimi niliyesoma ndiye niliyehitaji mkalimani.

Niliwahi kumwuliza, mtande ukikatika uzi mmoja, unafanyaje?
Akaandika nyuma ya bili ya umeme:
"Inategemea. Mwingine unaufunga fundo.
Mwingine unauacha, na nguo inavaliwa."

Watu humtaka Ksawery awe na hesabu za ajabu kichwani.
Humwuliza tarehe fulani iliangukia siku gani.
Hajui. Hesabu hazipendi.
Anapenda majokofu.

Jumamosi nilimleta maabara, kinyume cha kanuni.
Nikamwonyesha picha: tazama, hapa, hapa pamepungua.
Yeye akatazama dirisha.
Kizimbani, panya wa tatu alikuwa akijisugua uso,
akijisugua, akijisugua, manyoya yamekwisha, ngozi nyekundu.
Ksawery akavua skafu yake, akaifunika juu ya kizimba.
Mwanga ukapungua. Panya akatulia kidogo.
Hilo sikuliandika daftarini. Halina safu yake.

Kisha akaliendea jokofu kubwa,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
akabandika shavu kwenye mlango wa chuma.
Ndani, rafu ya nne, ipo damu yake mwenyewe
katika kichupa chenye namba, bila jina.
Sikumwambia.
Alifumba macho. Mashine ikanguruma, ikapumua, ikanguruma.
Dakika kumi. Kumi na tano.
Nami nimesimama na koti lake mkononi,
nashikilia.

"Tramu," akasema, neno lake la kwanza tangu Alhamisi.
Nikatega sikio: kweli, ni ile ya zamani,
ya njano, iliyopita chini ya dirisha la Bibi
kabla hawajang'oa reli.

Ya leo tukaikosa.
Tukaenda kwa miguu, yeye mbele,
skafu tumeiacha palepale.